Sebule ya Shangazi Mahlagha

Siku Khoshkrud ilipotangazwa kuwa makao makuu ya wilaya, watu walijaa uwanjani wakala vitu vitamu hadi mchana, ngoma na zumari zikapigwa, na baba yangu, Nematollah, mtu asiyependa makelele, alipanda juu ya kiti mbele ya duka lake la vitambaa akapiga makofi kama mtoto. Miaka yote tulikuwa tukivuka jangwa kwenda mji mwingine kufuata muhuri mmoja. Sasa muhuri ungetufuata sisi. Mkuu wa wilaya aliteuliwa, akafika na mikoba yake, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna aliyefikiria ataketi wapi.

Jengo jipya lilikuwa bado mistari ya chokaa kwenye uwanda wa nje ya mji. Wakubwa wakazunguka kutafuta nyumba yenye vyumba vya kutosha. Mji wetu ni mdogo, kwa hiyo mzunguko wao ulikwisha kabla ya adhuhuri, na ulikwishia kwenye nyumba ya marehemu babu yangu: nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba kila upande, mkunazi na mikomamanga uani, na birika la maji katikati. Humo alikuwa anaishi mtu mmoja tu, shangazi yangu Mahlagha, dada yake baba, ambaye hakuwahi kuolewa.

"Dada, ni serikali inayoomba," baba alimwambia.

"Kwani serikali haina kwao, mpaka ije kulala kwangu?"

"Hailali, inafanya kazi. Na ni kwa muda tu. Jengo likiisha watakurudishia. Halafu ni heshima kwa ukoo mzima."

"Hiyo heshima ipeleke kwako. Na wewe una vyumba."

Lakini mji mzima ulikuwa na neno katika jambo hilo. Kila aliyekwenda kununua mkate alimwambia shangazi kwamba tukikosa ofisi, wilaya itahamishiwa kwa majirani zetu wa Darbagh, watu ambao hata kuoka mkate hawajui. Akakubali. Alihamia kwetu, uchochoro wa pili, na samawari yake, matandiko yake na kioo cha mama yake, akalala chumbani kwangu.

Mimi nilikuwa nimepata kazi hukohuko ofisini, ya kupokea watu. Meza yangu iliwekwa kwenye ukumbi ambako babu zamani alikuwa akipanga magunia ya zereshki, vile vitunda vyekundu vichachu tunavyovikausha na kutia kwenye wali. Jumamosi ya kwanza kabisa, siku yetu ya kuanza juma la kazi, kabla hata sijapata kalamu, mlango ulifunguliwa akaingia shangazi, amevaa kama mtu anayekwenda safari.

"Nina shida na serikali," akasema.

"Shida gani, shangazi?"

"Kwani lazima nikwambie wewe, Farangis? We andika tu: ana shida."

Akapita moja kwa moja hadi sebuleni. Ile sebule kubwa ya kupokelea wageni, yenye dirisha la vioo vya rangi, sasa ilikuwa chumba cha kungojea, imezungushiwa viti vya plastiki. Akachagua kiti kilicho karibu na dirisha, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Alikaa mpaka tulipofunga. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa.

Haikupita muda watu wa vijijini wakamzoea wakidhani ni mmoja wa wakubwa. Alikuwa akiwafokea wanaoingia na matope. Akimwona mama mwenye mtoto mchanga alimwonyesha kona isiyopata upepo. Barat, mhudumu wetu wa chai, ndiye aliyekoseshwa amani kabisa.

"Barat, hii ni chai au dawa ya minyoo?"

"Bibi, maji yalichemka nikiwa nimeitwa ndani."

"Basi ukiitwa, nenda nayo."

Mkuu wa wilaya, Mhandisi Tavakkoli, alikuwa mgeni kutoka mji mkubwa, bado kijana kwa cheo kile. Juma la pili aliniita pembeni. "Yule mama wa dirishani, shida yake ni ya idara gani? Kila siku yupo, na kila siku haingii kwa mtu."

"Mheshimiwa," nikasema, "yule ndiye mwenye nyumba."

Aligeuka akamtazama. "Basi mtafutie mto. Kile kiti ni kigumu."

Nyumbani sote tulidhani anaikosa nyumba yake. Jioni alikuwa akimpa mama habari za msumari mpya uliopigiliwa, ramani iliyotundikwa juu ya rafu ya marehemu bibi, sigara iliyozimwa kwenye chungu cha ua. Lakini mimi niliyekuwa namwona kutwa niligundua jambo. Hakuomba hata mara moja kukiona chumba alichokuwa akilala. Jikoni hakwenda. Bustani aliitazama kwa mbali tu. Alichotaka ni sebule ile, na ndani ya sebule ni mahali pale palipo mkabala na mlango.

Kisa chenyewe mji mzima unakijua, na hakuna anayekisema mbele yetu. Alipokuwa msichana, paliletwa posa katika sebule hiyo. Mposaji alikuwa Yavar, mtoto wa Mash Rajab, mchimbaji wa ile mifereji ya chini ya ardhi inayoleta maji kutoka mlimani. Kila mwanzo wa masika baba na mwana walikuja kusafisha mfereji unaoingia kwa babu, na shangazi ndiye aliyekuwa akiwapelekea chakula cha mchana. Huo ndio ulikuwa uchumba wao wote: bakuli la mtindi kutoka mkono hadi mkono. Yavar alikuja na mama yake na mjomba wake, wameoga, wamevaa za sikukuu. Shangazi akaingia na sinia la chai. Babu akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu kubwa, "Binti yetu bado mdogo." Mdogo wake shangazi alikuwa ameshaolewa. Kila mtu akaelewa. Mama yake Yavar aliinuka bila kuigusa chai, mwezi haukuisha kijana akapanda lori kwenda Isfahan kwenye kiwanda cha chuma. Baadaye walikuja wengine kumposa shangazi, tena wenye mashamba. Alikuwa akiwapelekea chai, na wakishaondoka anasema hapana. Babu alikufa, bibi akafuata, shangazi akabaki na nyumba.

Mwaka ule wa wilaya, ofisi ilianza kuwarudisha watu waliopotea. Mtu aliyeondoka zamani, akiwa na kipande cha ardhi au zamu ya maji huku, sasa ilimbidi aje Khoshkrud mwenyewe. Tuliona sura ambazo hata wazee walizisahau. Na siku moja ya vuli, wakati mji wote una vidole vyekundu kwa kuchuma zereshki, alisimama mbele ya meza yangu mzee mrefu, amekunja mgongo kidogo, kofia mkononi.

"Jina lako, mzee wangu?"

"Yavar. Wa marehemu Mash Rajab. Nyumba ya mama yangu iko kule juu karibu na kinu cha zamani. Nimeambiwa barabara mpya itapita juu yake."

Sijui uso wangu ulionyesha nini. Nikasema tu, "Karibu sebuleni, utaitwa." Sikumwonyesha njia, na hakuuliza. Alipofika kizingitini alishika ukuta, akainama kwa taabu, akavua viatu. Siku hizo hakuna aliyekuwa akivua viatu pale. Palikuwa pametandikwa mkeka wa plastiki. Akaingia na soksi.

Shangazi alikuwa anamkaripia mtu kwa sababu ya kapu la vitunguu. Akaiona miguu kwanza.

"Haya, mtazameni huyu, angalau amelele..." Akainua macho. Neno halikumalizika.

Mlango wa sebule hubaki wazi, na meza yangu inautazama. Nilisikia yote, na wala sikujifanya kutosikia.

"Salaam aleikum, Bibi Mahlagha."

"Aleika salaam." Akamtazama toka juu hadi chini. "Umezeeka."

"Nimezeeka."

"Umekuja kufanya nini?"

"Barabara. Wanataka kuibomoa nyumba ya mama."

"Basi keti. Hapa watu husubiri."

Aliketi, wakiachana kwa kiti kimoja. Katika kiti hicho shangazi aliweka mkoba wake, kama askari. Barat alileta chai. Yavar alichukua bilauri yake, akaweka bonge la sukari kati ya meno, akainywa chai yote ikiwa bado inatoa moshi.

"Leo imenyweka," shangazi akasema.

"Mama hakuwahi kujisamehe kwa siku ile," Yavar akajibu. "Alisema, walau ningeionja. Msichana alikuwa ameipika mwenyewe."

Mtu wa barabara alikuwa amesafiri kwenda mkoani, kwa hiyo Yavar akaambiwa arudi kesho. Alilala kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi. Kesho ikawa hivyohivyo. Shangazi alimfundisha namna ya kuketi ofisini: usiangalie saa, usisimame kila mlango unapofunguka, watakuona una haraka na watakuchelewesha zaidi. Walizungumza kidogo sana. Nani amekufa, nani amehama, ule mti wa mlozi ulikatwa mwaka gani. Saa nyingine walikaa tu wakitazama mlango, wote wawili.

Siku ya tatu ya mambo hayo baba alirudi kutoka dukani uso umemwiva.

"Mahlagha! Unajua watu wanasema nini huko sokoni?"

"Wanasema nini?"

"Wanasema dada yangu anakaa na mwanamume kutwa kucha ofisini kwa mkuu wa wilaya!"

"Ofisini kwa mkuu wa wilaya, mbele ya nusu ya mji, na Barat anapita kila dakika na sinia. Ulitaka tukae wapi, Nematollah, kichakani?"

Mama aligeukia sufuria ili acheke bila kuonekana.

"Lakini umri wako, dada..."

"Umri wangu naujua. Nilikuwepo muda wote."

Siku ya Jumatano, mtu wa barabara alirudi. Alimpokea Yavar kwa heshima, akamfungulia ramani, akamweleza kwamba nyumba haitapona. Mlima uko upande mmoja na korongo upande wa pili, barabara haina pengine pa kupita. Yavar alitoka akaketi tena pale dirishani. Shauri lake lilikuwa limekwisha. Hakuwa na sababu ya kuketi, na shangazi alijua. Ndipo akauondoa mkoba kwenye kile kiti cha katikati, akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa ile shida yake na serikali.

"Yavar, kwa nini hukurudi?"

"Nilirudi."

"Lini?"

"Mwaka uliofuata, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya. Nilikuwa nimepewa kazi ya kudumu. Nimeshona suti. Nikasema nitaomba tena, na wakikataa nitaomba mwakani tena, mzee atachoka. Lori likaniacha kule kinuni, nikateremka kwa miguu. Nilipofika mwanzo wa uchochoro wenu niliona taa. Kila tawi lina taa. Zumari linalia, wanawake wanapiga vigelegele, kondoo amechinjwa mlangoni. Nikasema basi. Nikageuka, nikapanda tena mlima."

"Hukuuliza mtu?"

"Ningemuuliza nani, bibi? 'Samahani, anayeolewa ni yule wangu?' Kila mtu pale alikuwa anacheka."

Shangazi akasema polepole, "Ile ilikuwa harusi ya Nematollah."

"Nani?"

"Kaka yangu Nematollah. Ndiye aliyekuwa anaoa. Mimi nilikuwa jikoni napakua wali. Nilikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi."

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka watu wa vijijini nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, mpaka Barat akaja mbio na maji. Halafu akajifunika uso kwa upindo wa vazi lake na mabega yakaendelea kutikisika, lakini ule haukuwa tena mcheko. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza yangu. Harusi ile ndiyo iliyonileta duniani, mimi na ndugu zangu wote. Picha yake iko ukutani kwetu. Nilikuwa nimeitazama maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa nje ya mlango.

Alipotulia, Yavar alimweleza maisha yake. Alioa Isfahan, mwanamke mpole, amekwishafariki. Ana binti mmoja, Sudabe. Sudabe alipata ajali ya gari na tangu siku hiyo miguu yake haifanyi kazi. Anaishi naye, anamwinua, anampikia, anamsukuma kwenye kiti chake. Wiki hii amemwacha na jirani, na lazima apande basi kesho asubuhi.

"Sikuja kukuomba kitu," akasema.

"Sijakuuliza kama unaomba."

"Najua. Nimesema tu ili..." Akaaga, akaenda kuvaa viatu kizingitini, na kamba zilimchukua muda mrefu.

Jioni hiyo shangazi alijifungia chumbani na kusema kichwa kinauma. Mimi ndiye niliyemwambia baba, mbele ya chakula. Nilimsimulia neno kwa neno: taa, zumari, kondoo. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Akakiweka chini. Mama alikuwa anautazama mkono wake wenye pete.

"Farangis," baba akasema mwishowe, "vaa, tutoke."

Tulipitia kwa muuza peremende kabla hajafunga. Baba alichagua sanduku kubwa lililofungwa utepe, lile linalopelekwa kwenye posa, na muuza peremende akanitazama mimi akitabasamu, akidhani ni habari zangu. Tukaenda hadi nyumba ya wageni. Yavar alikuwa chumbani anakunja shati. Alipomwona baba alisimama wima, kama mtu anayengoja kutukanwa.

"Karibuni. Samahani, hapana pa kuketi, kaeni kitandani."

"Tusikusumbue."

"Usumbufu gani, mmeniletea nuru."

Waliendelea na adabu hizo kwa muda, kila mmoja akimsukumia mwenzake mahali pazuri. Baba aliweka sanduku kitandani akaliangalia.

"Usiku ule," akasema, "bwana harusi nilikuwa mimi."

"Najua. Nimeambiwa."

"Sikujua kwamba ulikuja."

"Ungejuaje, bwana? Ulikuwa na shughuli."

Baba alicheka, na machozi yakamtoka palepale, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya babu. Akajifuta kwa kiganja. "Baba yetu alikwambia binti bado mdogo. Baba hayupo. Mkubwa wa ukoo sasa ni mimi, nami nakwambia..." Akalisogeza lile sanduku upande wa Yavar. "Nakwambia, amekua."

Yavar aliketi. Alikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Bwana Nematollah, nina binti asiyeweza kusimama na vyumba viwili juu ya ngazi. Kwangu hakuna starehe. Nitamwita mtu aje kufanya nini?"

"Hayo mwambie mwenyewe. Mimi nimeleta peremende tu."

Yavar hakuweza kumwambia uso kwa uso. Basi liliondoka na yeye akiwa ndani. Alimwambia kwa simu. Majira yote ya baridi simu ililia kwetu baada ya sala ya jioni, na shangazi aliipeleka kwenye ngazi za kwenda darini, akajifunika blanketi, akazungumza huko. Yavar alikuwa amemwambia yote, vyumba viwili na ngazi na binti. Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alichosema ni kwamba nyumba yake iko mikononi mwa serikali, na mtu asiye na nyumba hawezi kuamua neno. Mama alimwambia hicho ni kisingizio. "Ndiyo," shangazi akajibu, "lakini ni kizuri."

Masika yalipofika, jengo jipya likakamilika. Tulihama kwa malori mawili na kelele nyingi. Mhandisi Tavakkoli alipaka kuta chokaa upya, akaja mwenyewe kumkabidhi shangazi ufunguo, akamwomba radhi kwa misumari. Shangazi alimpa mtungi wa achari ya komamanga na kumwambia aoe.

Akarudi kwake. Alikung'uta mazulia, akaosha vioo vya dirisha, akayatoa maji ya birika na kuyatia mapya. Sote tulishukuru: mambo yamerudi mahali pake. Mimi nilikuwa nikipita kumwona kila nikitoka kazini. Siku za kwanza nilimkuta juu ya ngazi au mikono ndani ya ndoo. Baadaye nikawa namkuta sebuleni amekaa zuliani, mahali palepale pa dirishani, chai imepoa mbele yake.

"Umesharudi kwako, shangazi. Mbona huna furaha?"

"Nilidhani naikosa nyumba, mwanangu. Kutwa niko pale kwenye kiti cha plastiki nasema, lini watanitolea watu hawa. Sasa wametoka." Alipapasa zulia kwa mkono. "Unajua, hii nyumba nilikuwa naitunza ili mtu akirudi aikute. Akarudi, akaikuta, akaondoka. Sasa naitunza ya nini?"

Nje njiwa walikuwa wanakunywa birikani.

"Na yule Sudabe," akaendelea, uso ukibadilika, "ana ulimi huyo! Jana kamnyang'anya baba yake simu. Kaniambia, 'Bibi, kama unakuja njoo, kama huji sema, maana baba anaunguza wali kila siku na mimi ndiye ninayeula.' Hata salamu hakutoa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwuliza mchele wanaloweka saa ngapi. Akasema hawaloweki. Hawaloweki, Farangis!"

Aliondoka kabla mikomamanga haijamaliza maua. Baba alikwenda naye hadi Isfahan ili awe shahidi wa ndoa, amevaa koti alilooa nalo, ambalo halikufunga vifungo. Kituoni nusu ya mji ilikuja. Wanawake waliomsengenya miaka yote walimmwagia maji nyuma ya basi ili arudi salama, na walilia kweli. Shangazi hakulia. Alikuwa dirishani anatafuta kitu kwa macho juu ya vichwa vyetu, juu ya maduka, kule mlima ulipo, na basi lilipokata kona bado alikuwa anatafuta.

Sasa ni mwaka wa pili. Nyumba ya Mash Rajab ilibomolewa na barabara ikapita. Ijumaa mimi huenda kufungua madirisha ya nyumba ya babu na kumwagilia. Vyumba vina harufu ya chokaa ya serikali bado, na nikiwa mle nahisi kama nimekuja na shida ambayo sijui niipeleke mlango upi. Namkosa shangazi kwa namna ambayo sikutarajia. Namkosa akimfokea Barat.

Hunipigia simu asubuhi nikiwa sijatoka kwenda kazini. Juma lililopita aliuliza kama zafarani imechanua.

"Tangu jana. Mama na majirani wanachambua."

"Mikono yao inanukia?"

"Inanukia."

"Hapa maji yanatoka bombani, mwanangu. Hayana ladha ya kitu. Kila nikiamka, kabla sijafumbua macho, niko huko kwenu. Nasikia njiwa. Halafu Yavar anaangusha sufuria, na Isfahan inanirudia."

"Mnaishije naye?"

"Tunagombana. Kila siku tunagombana. Namwambia, ugomvi wote wa ujana tulioukosa lazima tuumalize, na siku zenyewe ni chache."

"Rudi basi, hata kwa sikukuu. Njooni wote."

"Sudabe na ngazi zenu hizo?"

"Tutambeba."

Nyuma ya shangazi nilimsikia Sudabe akimwita kwa sauti kali, akisema baba ametia chumvi mara mbili, na Yavar akijitetea kwamba ile ya kwanza haikuwa chumvi.

"Ngoja kidogo," shangazi akaniambia, akaiweka simu mahali fulani, nadhani mezani, akaenda. Hakurudi. Nilisikia kifuniko, maji, sauti tatu zikipishana, mmoja akicheka. Nilikuwa nimeshachelewa kazini. Nilivuta kiti, nikaketi, nikaendelea kuwasikiliza.